Jiwe la Kilo Ishirini

Ruzuku ilipofika ilikuwa hivi:
petroli lita arobaini,
daftari la kurasa mia, tupu,
na jiwe la kilo ishirini lenye mhuri wa serikali.

Nyanzobe alilipakata kama mtoto wa mgeni
pikipiki ikinguruma hadi mwalo wa Kayenze.
Mizani ya kwanza: kumi na saba na nusu.
Ya pili: kumi na saba na nusu.
Ya tatu, kampuni nyingine, rangi nyingine,
wakala asiyesalimiana na wenzake:
kumi na saba na nusu.

Hata pacha hawafanani hivi.

"Kutu hiyo," wakasema, mmoja baada ya mwingine.
Kutu gani inajua hesabu?
Na bei je, inayoshuka kwa wote saa ile ile
sangara angali anatapatapa?

Bugingo akamwonyesha ukuta wa kambi:
mistari ya mkaa, miaka minne,
pungufu mbili na nusu, pungufu mbili na nusu.
Hakujua aipeleke wapi. Aliandika tu.

Daftari likajaa.
Kesi ikatajwa Februari, ikaahirishwa.
Machi, ikaahirishwa.
Juni ikaja barua: fungu limekwisha,
jiwe lirudishwe stoo.

Limerudi. Mtunza stoo ni mimi,
nimesaini kulipokea.
Ambalo sijaandika popote
ni kwamba kila Jumamosi alfajiri
rafu ile huwa wazi,
na baiskeli ya mwanangu haionekani ukutani.