Waimbaji Mbele

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, Majengo.
Umeme umekwenda tangu asubuhi
na hakuna aliyeuliza umekwenda wapi.
Kanisa letu la mbao limesimama juu ya jiwe
ambalo zamani lilikuwa moto, likashuka barabarani kama mto,
likapoa, tukalipasua, tukalijengea.

Byamungu, mwalimu wa kwaya, anagonga benchi kwa kalamu:
"Sauti ya tatu, mnachelewa. Nani amewafunga mawe ulimini?"
Kisha anaacha noti, anatusimulia vita.

Mfalme Yehoshafati alipata habari
kwamba majeshi matatu yamekwisha kuvuka.
Hakuhesabu mikuki. Aliogopa.
(Hilo nalipenda, kwamba hawakuficha: mfalme aliogopa.)
Akafunga kula, yeye na wanawake na wachanga mgongoni,
akakiri hadharani kwamba akili yake imefika ukingoni.
Kulipokucha akawapanga watu wake:
waimbaji mbele, wenye ngao nyuma.

Nimekaa kwenye benchi la tenori na swali linaniwasha.
Nani alikuwa wa kwanza kabisa, pale mbele?
Jina lake halikuandikwa.
Je, mkewe alimficha viatu alfajiri ile?
Alikunywa maji ya moto kulainisha koo,
au alikohoa njia nzima mpaka wenzake wakamkemea?
Askari akiogopa hushika upanga.
Mwimbaji akiogopa ashike nini?
Ana pumzi tu, nayo inatetemeka.

Kaka yangu Kasereka hakuimba.
Walimpa maji ya chupa, wakamchanja kifuani,
wakamwambia risasi zitageuka matone ya mvua.
Akaamini.
Mimi sijawahi kuamini kitu kwa nguvu kama ile.
Alirudi amelazwa kwenye chukudu, juu ya mifuko mitupu ya makaa,
na kijana aliyemsukuma alikataa malipo.
Kwa hiyo mtu akiniambia "amini tu"
nasikia magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe.

Kavugho wa sauti ya pili anaingia, amechelewa,
mikono inanuka sambaza alizoshindwa kuziuza.
"Huko wanapiga tena," anasema,
kama mtu anayetaja bei ya unga.
Tunanyamaza. Kweli: du. Kisha du. Upande wa Sake.
Kila mmoja anahesabu kilomita kimoyomoyo.

Byamungu hataki kukatizwa.
Walipofika mahali pa kuchungulia jangwa, anasema,
vita vilikuwa vimekwisha.
Maadui walikuwa wamemalizana wenyewe.

Mzee Ruhamya wa besi anaguna:
"Na hawa wa kwetu je? Miaka yote hii wanamalizana,
na wanaobaki ni wengi kuliko walioanza."
Hakuna anayecheka.
Byamungu anafuta ubao ambao hauna kitu.

Mimi bado niko na yule mtu wa mbele.
Namwona jioni anaingia Yerusalemu,
sauti imekauka, vumbi mpaka kwenye kope.
Anamnawisha mwanawe uso,
na mkono unaomshika mtoto kidevu
haujamuua mtu.
Labda huo ndio ushindi aliopewa.
Labda ni kipande chake tu, sijui.
Kasereka angekuwa na miaka thelathini na minne.

"Tangu mwanzo," anasema Byamungu, kwa sauti ndogo.
Kavugho anawasha taa ya simu, chaji inakaribia kuisha,
anaiegemeza kwenye ngoma.
Tunasimama. Mlango uko wazi,
mlima umewasha wekundu wake juu ya mawingu,
hauko upande wa mtu.

Du, kule.
Besi wanaingia.
Du.
Tenori, safari hii, hatuchelewi.