Dakika Tisa

Mimi ndiye niliyezipata zile dakika tisa.
Zilijificha kwenye safu ya kumi na moja ya jedwali,
Wichita, mwezi wa pili, theluji imegandia madirishani,
na Bwana Lindquist amesimama nyuma ya kiti changu
akinukia kahawa na chingamu ya mnanaa.
"Hizi ni za nini?"
Nikasema: ukaguzi wa pili.
"Kwani wa kwanza umekosa nini?"

Haujakosa kitu, nikasema. Nikazidisha:
dakika tisa, mara milango, mara ndege za mwaka,
mara ujira wa mtu mwenye miaka thelathini na mmoja kazini.
Jumla ikanona. Nikaikoleza wino.

Mtu mwenyewe ni Verla Unruh.
Sikuwa nimewahi kushuka karakanani kumwona.
Niliposhuka, kupeleka barua,
nilimkuta amepiga goti ndani ya kiwiliwili cha ndege,
bado kijani, hakijavishwa viti wala zulia, mbavu zote nje.
Tochi mdomoni. Mkononi kioo kidogo, kama cha daktari wa meno.
Hakugeuka. Alisema, "Lete kidole."

Akakiweka juu ya kichwa cha ribiti.
"Hiki?"
Laini, nikasema.
Akakisogeza inchi moja.
"Na hiki?"
Laini pia.
"Rudi."
Nikarudi. Nikarudi tena. Mara ya tano, nadhani,
ukucha ukakwama kwenye kitu chembamba kuliko unywele,
kitu ambacho safu zangu zote hazina pa kukiandika.

"Aliyetoboa tundu hili ana wiki sita hapa," akasema.
"Souvanh. Kijana mzuri. Usiku anakaanga vibanzi
barabara ya Broadway. Huko wanamlipa zaidi yenu."

Nilijua. Tofauti ile nayo niliipata mimi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Lakini futi elfu thelathini na tano
juu ya mashamba ya Nebraska,
tofali utaliegemeza wapi?

Barua aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne,
akaitia mfukoni, penye miwani.
Kisha akafanya jambo ambalo sijalielewa mpaka leo:
akapiga duara kwa kalamu ya nta kuizunguka ile ribiti,
akaandika saa, akaandika tarehe,
akautoa muhuri wake, mia nne kumi na saba,
akaupuliza kama anayetaka kuupiga,
asiupige.
Akanikabidhi mimi.

Uko kwenye droo yangu, pamoja na pini na betri zilizokufa.
Sijui kama ile ribiti iling'olewa.
Niliuliza mara moja tu; nikaambiwa duara limefutwa vizuri,
hata alama haionekani.

Juzi nilipanda ndege kwenda kumzika shangazi, Duluth.
Mlangoni, mabegi ya watu yakinisukuma mgongo,
nilisimama nikapapasa ukingo wa bati kwa ukucha.
Laini. Nikarudi.
Mhudumu akauliza kama nimepoteza kitu.
Mtu wa nyuma yangu akatazama saa yake,
akasema, kwa upole kabisa:
"Bwana, unatuchelewesha."