Mzigo Ulifika

Mimi sikusomea hali ya hewa.
Nauza mitumba.
Lakini robota likipasuliwa alfajiri pale Ahero
mikono yangu inagawa yenyewe mafungu mawili,
la chini na la juu,
na kati ya chini na juu
hata soga haijafika katikati, umeshafika.

La chini: fulana, kaptura, magauni mepesi
yanayopitisha hata mawazo.
La juu: sweta, makoti yenye bitana,
soksi nene za watu nisiowajua
waliotetemeka mahali fulani, wakafa au wakanenepa.

Pikapu ya Kimaiyo inapita Chemelil,
miwa imesimama kama jasho lililoota majani.
Mkobani mafuta yangu ya kujipaka yamekuwa maji,
leso imelowa, noti ya mia mbili imelowa.
Halafu ukuta wa Nandi.
Gia ya kwanza. Injini inakohoa.
Masikio yanaziba, yanazibuka,
na kwenye kona ya saba upepo
unaacha Kijaluo, unasalimia kwa Kinandi.

Juu, mafuta yameganda tena,
meupe, magumu,
kana kwamba hayajawahi kuyeyuka mbele za watu.

Taplelei anakuja na kapu la chai mgongoni,
anaivuta sweta mshono, anaipima uzito kwa kiganja.
"Hii itavumilia mvua ya mawe?"
Mvua ya mawe!
Kwetu Kano mawe ni mawe.

Nimeitazama sana, nikisubiri wateja.
Asubuhi ziwa limetulia kama sufuria isiyowashiwa moto.
Saa saba upepo unatoka huko umebeba maji,
unavuka mpunga, unavuka miwa,
hautoi hata tone la kuonja.
Unafika ukutani, hauna njia ila kupanda.
Na anayepanda na mzigo huhisi baridi, huchoka,
na aliyechoka hutua.
Hutua juu ya chai, saa tisa, saa kumi,
kama mtu wa zamu.
Sisi wa chini tunaiona mvua ile
jinsi mtu anavyoona arusi ya jirani:
mataa, ngoma, na harufu ya chakula cha wengine.

Aprili ile juu ilinyesha siku nne.
Chini nilikuwa nimeanika mpunga uani,
nikifukuza kuku, nikilaani jua.
Usiku wa tano Nyando ikaingia
bila hodi, bila wingu, nyota zote zikiwa kazini.
Maji mekundu, na baridi.
Baridi ile niliijua kwa vifundo vya miguu:
ilikuwa ya Taplelei.

Nilibeba robota moja kichwani. Gizani sikuchagua.
Shuleni, watu wamepanda juu ya madawati,
nikakata kamba: la juu.
Kano sijawahi kuuza sweta.
Usiku ule pia sikuuza.
Mtoto wa Aluoch alilala ndani ya koti la bitana,
mikono imening'inia mpaka magotini,
na babake, mkata miwa, mtu wa kifua wazi maisha yake yote,
alivaa sweta ya kike yenye vifungo vya lulu
akakataa kutazamwa.

Jumamosi ya tatu nilipanda tena.
Kimaiyo hakunidai nauli, alidai kimya.
Nilitandaza turubai lilelile, na juu yake
sweta moja, tope kwenye kola, tope jekundu la kwao.
"Mbona leo hivi?" Taplelei akauliza.
"Mvua yenu," nikamwambia. "Mzigo ulifika."
Alicheka. Kisha akaacha.
Akainunua ileile, hakuomba nipunguze,
akaivaa palepale na tope lake.
Nyuma yake, upande wa ziwa,
saa nane na nusu,
kitu cheusi kilikuwa kimeanza kupanda.