Kifuniko cha Tangi

Kadi ya gari inasema: Rangi, nyeupe.
Gari lenyewe, tangu nipate akili, ni la kisamvu:
si kijani cha bendera, si cha embe bichi,
kisamvu kilichotwangwa, kabla ya nazi.
Nimeligundua hilo juzi, nikipekua bahasha ya marehemu
kutafuta kitu kingine.
Miaka thelathini na minane baba aliendesha Pijo
ambalo serikalini halikuwahi kuwapo.

Mimi nilishakata shauri: bluu.
Bluu ya wino, ile ya kalamu ya mwalimu mkuu.
Nimechoka kuitwa binti wa Pijo la kisamvu
toka Mapipa mpaka Mwembechai.
Nikanunua msasa mkavu, msasa wa maji, puti, tina,
nikaazima kompresa ya fundi Mponda
inayokohoa kwanza ndipo iwake.

Shaweji akapiga simu kutoka Tanga:
"Ukilipaka bluu, umeuza gari la mzee."
Sikumjibu. Shaweji hajawahi kulisukuma
asubuhi ya mvua, akiwa na sare ya shule.

Nilianza na mlango wa dereva.
Sauti ya msasa inauma meno; vumbi la kijani
puani, kwenye kope, kwenye chai.
Chini ya kijani, nyeupe.
Chini ya nyeupe, praima ya kijivu, kisha bati,
na bati halina maoni.

Mama akatoka, kanga begani,
akaliangalia lile doa jeupe, kubwa kama sahani.
Akaligusa.
"Lilikuwa hivi alipokuja kwetu kuposa.
Mwaka wa foleni za sukari akagongwa na lori pale Keko,
akazunguka mji mzima kutafuta nyeupe.
Dukani kulikuwa na kijani. Makopo matatu. Basi."
"Kwa hiyo hakukipenda?"
"Alikizoea," akasema, "kama alivyonizoea mimi,"
akacheka peke yake, akarudi kugeuza mihogo.

Nikakaa chini, msasa mkononi.
Kumbe nilichokuwa naogopa kukisaliti
ni uhaba.

Jumatatu, Gerezani.
Nimekifungua kifuniko cha tangi la mafuta
nikakifunga kwenye gazeti kama samaki.
Mdomoni nina bluu, mkobani nina kijani.
Dilunga, mchanganya rangi, akakigeuza juani, huku, kule:
"Dada, nikupimie upande upi?"
Nje jua lilishakula, mboga iliyolala.
Ndani, pasipofika jua, kilikuwa bado kibichi,
kijani kile kile alichokiona baba siku ya kwanza
akiwa hana hiari.
Nikasema: wa ndani.
Sijui ni nani aliyesema. Koo ni langu.

Bluu sikuiaga.

Nimepaka alfajiri, kabla Mama Tabia hajafagia,
ua nimeumwagia maji vumbi litulie,
vioo nimevivisha magazeti ya mwaka jana.
Mkono wa kwanza ukatoka na ukungu,
unyevu wa mji huu haumwachi mtu.
Nikausugua wote, nikangoja siku nyingine.
Wa pili ukatokwa na machozi chini ya taa ya kushoto.
Nikasugua tena, nikatukana kidogo.
Wa tatu ukakaa.
Mbu mmoja ametua katikati ya boneti,
amenasa kwa miguu yote sita.
Nimemwacha.

Saa mbili mtaa umeamka.
Kijana wa maji anasimamisha toroli.
Mama Tabia anaegemea fagio:
"Ehe! Hatimaye umebadilisha rangi!"
"Hapana, ni ile ile."
"Usinidanganye," ananiambia. "Mimi ile naijua."