Spea

Miaka arobaini na moja kibarazani, Barabara ya Kumi na Nane,
nimepindua baiskeli za watu miguu juu
nikazisikiliza kwa sikio, si kwa macho.
Gololi iliyokwisha ina kilio chake.
Basi goti langu la kushoto lilipoanza kusaga
sikuhitaji picha.
Grisi imekauka, kikombe kimelika,
chuma kinakula chuma.

Picha walipiga hata hivyo.
Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha:
"Mzee Semkiwa, hapa hapana kitu tena."
Maneno hayo, mwanangu,
nimewaambia wateja wangapi.

Punguza kwanza kilo nane, akasema.
Nikaagana na sambusa za Bi Rukunda.
Mwanahawa, binti yangu, akakunja mikeka yote isinitege,
akamwita seremala akatoboa tundu kwenye kiti cha mninga,
wakakitega juu ya shimo la choo.
Nilikitazama siku tatu kabla sijakikalia.
Damu wakatoa wawili: shemeji yangu,
na kijana niliyemfukuza kibarazani zamani
kwa kuiba spoki.

Waliniua nusu.
Sindano ya mgongo, pazia la kijani kifuani,
chini ya kitovu si mimi.
Lakini masikio walisahau kuyalaza.
Nikasikia msumeno. Nikasikia nyundo:
ko, ko,
kimya,
ko.
Nikajua huyu fundi ana mkono.
Hapigi kwa hasira. Anapiga, anasikiliza.
Nilitaka kumuuliza spea ni ya nchi gani,
ulimi ukawa mzito.

Kesho yake nikaomba mfupa wangu wa zamani.
Nesi akacheka. Sikuwa natania.
Mimi mteja nikimbadilishia kifaa
kile kibovu namkabidhi mkononi, kwenye gazeti,
asije akasema mgosi kamwibia.
"Ulishatupwa, babu."
Basi. Kipande changu kimenitangulia
na sikukisomea hata Fatiha.

Hakuna aliyenionya kuhusu usiku wa nne.
Pini ishirini na sita, nilizihesabu gizani kama spoki,
na goti limevimba, la moto, si langu wala si lao.
Bi Rukunda akaleta barafu za ukwaju, zile za kuuza,
tukalifunika goti kwa kanga na barafu juu yake.
Zikianza kuyeyuka wajukuu wanazinyonya.

Binti wa mazoezi, Sifaeli, mwembamba kama pampu,
anakuja Jumatatu na Alhamisi.
"Kunja, babu. Sitini. Sabini. Usibane pumzi."
Namtukana kwa Kibondei, kimoyomoyo.
Nadhani anakijua.

Na swala naiswalia kwenye kiti cha plastiki, mwisho wa safu.
Wenzangu wanashuka wote kwa pamoja,
nabaki juu peke yangu, natazama nyayo zao.
Nainama. Paji la uso linaning'inia hewani.
Imamu anasema inafika.
Sina ubishi naye.
Ila paji bado linauliza mkeka.

Wiki ya saba nikaitoa Foniksi yangu stoo,
nikaisimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma hewani,
nikapanda kama mgeni wa baiskeli.
Pedeli ikafika nusu, ikagoma.
Nikairudisha nyuma. Nusu, nyuma. Nusu, nyuma,
kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye watu
na hafunguliwi.
Mwanahawa kakaa mlangoni, ati anachambua mchele.
Ungo ule ule, tangu asubuhi.

Siku ya tisa
pedeli ikapita juu.

Sikupiga kelele. Nikaiacha izunguke,
cheni ikashika, gurudumu likavuma bila kwenda popote.
Nikafumba macho, nikasikiliza kifundi.
La kushoto: kimya. Kazi safi.
La kulia, lile la asili, nililozaliwa nalo,
ndilo lililolia.