Kijiko cha Saa Nane

Nyalenda, saa nane usiku, stima imepotea.
Kidonge nimekisaga kati ya vijiko viwili,
nikakikoroga kwa maji ya sukari.
Apondi anajua.
Ana meno sita tu, lakini mdomo ameufunga
kama duka la Kondele siku ya maandamano.

Kijiko kikawa ndege, kikazunguka, kikakosa pa kutua.
Nikalamba mwenyewe: "Tamu!"
Uchungu ukanipanda hadi masikioni;
akanitazama kama hakimu.

Basi nikamwambia kweli: ni chungu, mama,
kuliko mnavu usiotiwa maziwa.

Akapiga mwayo.
Nikawahi.

Nusu imeingia,
nusu iko kwenye shati langu la kesho kazini.
Sasa nangoja ile nusu saa ya nesi,
nimembeba wima, simtikisi,
hata kupumua napumua kwa zamu naye.