Kizibo

Kilomita ya kumi na moja kutoka Yeghegnadzor,
pale barabara inapokunja kiwiko ianze kupanda Selim,
Zhiguli ya baba hukata.
Haikohoi. Hukata tu,
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya sentensi.

Tairi kando. Boneti juu.
Mama kitini, mikono juu ya ndoo ya jibini,
hasemi kitu; ashasema yote kwa miaka thelathini.

Baba alikuwa na dawa yake: kitambaa.
Alikilowesha, akaifunga pampu
kama kichwa cha mgonjwa wa homa,
akaenda mbali, ukutani, kuvuta sigara mbili,
akarudi, akapiga stata,
na injini ikaitika labeka.
"Joto," alisema. "Petroli inachemka njiani,
na pampu haimezi mvuke."
Tukaamini. Hata Januari,
theluji ikitufika magotini, tulifunga kitambaa.

Sasa kitambaa ninacho mimi,
na mimi sivuti sigara.

Plagi: kavu, hazina hata harufu.
Basi cheche zipo, kinachokosekana ni chakula.
Nachomoa mpira kwenye kabureta,
nauelekeza ndani ya chupa ya jamu.
Mama anageuza ufunguo:
chwa, chwa, chwa,
chwa ndogo,
tone,
halafu tone linalofikiri kwanza.

Chujio nililibadilisha Jumanne.
Lina punje tatu za kutu, si za kuua.
Pampu naiziba mdomo kwa kidole gumba:
inafyonza hadi ngozi inaingia.
Nzima. Inafyonza kitu kisichokuja.

Lori la Tabriz linasimama.
Dereva hana Kiarmenia, mimi sina Kifarsi;
jina lake, Ayvaz, kaniambia kwa kujigonga kifua.
Anaonyesha pampu. Anaonyesha jua.
Ananiletea barafu kwenye mfuko wa nailoni.
Dunia nzima, kumbe, ni ya dini ya kitambaa.
Nampa jibini, anaondoka akipiga honi.

Ndipo nikaenda nyuma, nikafungua mfuniko
nipime mafuta kwa fimbo, na
fyuuuu.
Hewa. Haikutoka: iliingia,
kwa pupa, kama aliyezamishwa akaachiwa,
na bati la tangi, lililokuwa limebonyea tumbo,
likarudi mahali pake kwa kishindo kimoja.

Nilikaa chini barabarani.
Kumbe zile sigara mbili!
Wakati baba anavuta, tangi lilikuwa linaiba pumzi
kupitia ufa wa mfuniko, kidogo kidogo,
na kitambaa kikachukua sifa.

Kwenye buti, chini ya magunia,
kuna kamrija kembamba ambako tangi hupumulia.
Mwishoni mwake, kizibo cha chupa ya mvinyo,
kimechongwa kwa kisu, kikapakwa nta,
kazi ya mtu asiye na haraka.
Naujua mkono ule. Ulituchongea vijiko.

"Mama, baba aliziba hapa?"
"Kwa sababu ya harufu. Nilikuwa natapika."
"Lini?"
"Nilipokuwa na mimba yako. Miezi miwili.
Baadaye harufu haikunisumbua tena."
"Na hukumwambia?"
Akapangusa ndoo, ambayo haikuwa na vumbi.
"Hakuniuliza. Na siku aliyokichonga
alifurahi mno, Hripsime."

Nimeking'oa kwa meno.
Kina ladha ya nta, na petroli, na kitu kingine.

Tukapanda. Kiwiko cha tatu, cha saba,
gia ya pili ikilia bila kukatika,
kitambaa kikikauka juu ya pampu, nimekisahau.
Karibu na kilele mama akashusha kioo kidogo.
"Inanuka," akasema,
na alipofungua kiganja nikaona kizibo,
akafumba tena.